Mashauri ya Dawati la Huduma katika Programu ya Takwimu: Suala la Istilahi

Ofisi nyingi siku hizi, za serikali na za mashirika, zina mahali maalumu ambapo mwananchi au mtumishi hupeleka shida yake: mashine ya kuchapia imekwama, malipo hayaonekani, cheti kimekosewa jina, intaneti imekatika. Zamani shida hizo ziliandikwa katika daftari kubwa lililokaa mapokezi. Sasa huandikwa katika kompyuta, na kila moja hupewa namba, tarehe, jina la aliyeileta na hali yake. Ufikapo mwisho wa mwezi, mkuu wa ofisi hutaka kujua ni shida ngapi zilizoingia, ngapi zilizokwisha, na zilichukua muda gani. Ili mtu asikae ananakili tarakimu kwa mkono, programu ya takwimu huunganishwa na kanzidata ya dawati lenyewe, ikasoma humo na kufanya hesabu.

Tunakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ifanyikavyo na maneno yanayoihusu. Hatufanyi hivyo kwa kuwafundisha mafundi kazi yao. Tumeona kwamba taarifa za namna hii, zikiandikwa kwa Kiswahili, aghalabu huharibika mahali ambapo fundi hakuharibu, yaani katika jina lililoandikwa juu ya safu. Hesabu huwa sahihi, jina likawa lasema jambo jingine, na mkuu wa ofisi akaamua kwa kulifuata jina.

Tuanze na dawati. Wapo wasemao "dawati la msaada" na wapo wasemao "dawati la huduma". Neno dawati lenyewe halina tatizo. Limekwisha kutoka katika maana ya meza na kuingia katika maana ya kitengo kinachopokea watu, kama Dawati la Jinsia na Watoto lililomo katika vituo vya polisi Tanzania. Lakini msaada ni neno zito. Kwetu msaada hutolewa na mwenye nacho kumpa asiye nacho, nao haudaiwi. Mwananchi anayeuliza kwa nini malipo yake hayaonekani haombi msaada. Anadai huduma ambayo ni haki yake. Kwa hiyo twapendekeza "dawati la huduma".

Ama kile kinachoandikwa dawatini, mafundi wengi hukiita tiketi, na hatuna ugomvi nao wanapozungumza wao kwa wao. Ila katika taarifa inayosomwa na watu wa kila namna, tiketi ni ya basi au ya mpira. Katika utawala tunalo neno shauri, ambalo tangu zamani lina maana ya jambo lililoletwa mbele ya mwenye mamlaka ili alitazame na kulitolea jibu. Shauri huletwa, hupokewa, husikilizwa, huahirishwa, humalizwa. Vitenzi vyote vinavyohitajika tayari vimo. Katika makala hii tutasema shauri na mashauri.

Hapo hapo pana jambo ambalo mfasiri asilipite. Miongozo ya uendeshaji wa huduma za kompyuta iliyotungwa na serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo imeenea duniani, hutenga tukio na tatizo. Tukio ni lile lililompata mtu mmoja. Tatizo ni chanzo kinachoyazaa matukio. Mei 12, 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Dawati lililopokea simu mia siku hiyo lilikuwa na matukio 100 na tatizo 1. Mfasiri akitumia neno tatizo kwa yote mawili, taarifa itasema kuwa ofisi ilikuwa na matatizo mia, na mtu ataulizwa kwa nini ofisi yake ni mbovu kiasi hicho.

Sasa tutazame upande wa pili wa kiungo, programu ya takwimu. Neno takwimu lina historia yake. Kwa Kiarabu ni kalenda. Kwetu limehamia kwenye hesabu za mambo na watu, hata tukawa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Lakini lilipohama lilibeba mizigo miwili: linataja tarakimu zilizokusanywa, na linataja pia elimu ya kuzisoma tarakimu hizo. "Takwimu zinaonyesha" ni mzigo wa kwanza. "Anasomea takwimu" ni wa pili. Kwa mazungumzo ya kawaida hilo halidhuru. Kwa kazi yetu ladhuru, kwa kuwa kinachotoka dawatini si takwimu bado. Ni orodha ya mashauri, kila moja na mstari wake. Hiyo ni data, neno ambalo limekwisha kukubalika na halina haja ya kufukuzwa. Takwimu huzaliwa baadaye, baada ya data kuhesabiwa.

Programu za kazi hiyo si ngeni. SPSS ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1968, nayo ilikusudiwa watafiti wa mambo ya jamii. Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko Marekani, ilianza kutungwa lugha ya hesabu iliyoitwa S. Kwa kuifuata hiyo, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitunga nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaiita R, herufi ambayo ni ya kwanza katika majina yao yote mawili. Toleo lake namba 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Kwa kuwa R haiuzwi, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuibadili, imeenea sana vyuoni na maofisini, nasi tunaichukua kuwa mfano wetu.

Programu hizi huitwa za "uchambuzi" na wengine, za "uchanganuzi" na wengine, kana kwamba ni jambo moja. Sisi twaona Kiswahili kimetupa maneno mawili kwa kazi mbili, na ni hasara kuyachanganya. Mtu huchambua mchicha kwa kuondoa majani mabovu na mizizi, huchambua pamba kwa kuondoa mbegu. Kuchambua ni kutenga kinachofaa na kisichofaa. Kuchanganua ni kukigawa kitu katika sehemu zake ili kujua kimeundwaje. Data za dawati lazima zichambuliwe kwanza: shauri moja limeandikwa mara mbili, jina la wilaya limeandikwa kwa namna tatu, mtu wa majaribio ameacha mashauri yake ya uongo humo. Baada ya hapo ndipo zichanganuliwe. Twajua kwamba taarifa nyingi rasmi husema uchambuzi kwa maana ya yote mawili, na desturi haibadilishwi kwa makala moja. Lakini mtu akiwa na nafasi ya kuchagua, na achague.

Kuunganisha kwenyewe kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya kizamani na bado ndiyo ya wengi: dawati hutoa data zake katika faili la maandishi, kila shauri mstari wake na mikato baina ya safu, kisha faili hilo hupakiwa katika programu ya takwimu au katika lahajedwali. Hiki si kiungo, ni mchukuzi wa barua. Ya pili ni programu kuingia moja kwa moja katika kanzidata na kuiuliza kwa lugha ya SQL, iliyobuniwa na watu wa IBM katika miaka ya 1970. Utaratibu wa ODBC, uliotolewa na Microsoft mwaka 1992, huwezesha programu moja kuzungumza na kanzidata za aina nyingi. Njia ya tatu hutumika pale ambapo dawati halimo katika seva za ofisi bali limepangishwa kwa kampuni ya nje, mathalani Zendesk, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 2007. Hapo mwenye nyumba hakuruhusu uingie ghalani. Anakuwekea dirisha, nawe unaomba kupitia hapo. Dirisha hilo kwa Kiswahili huitwa kiolesura cha programu, jina zuri kiasi, ingawa wengi hulifupisha likabaki kiolesura tu na kuchanganyika na sura ya skrini ambayo mtumiaji huiona.

Dirishani kuna masharti. Zendesk hutoa mashauri kwa kurasa, na katika njia yake ya kuchukua yaliyobadilika tangu mara ya mwisho, ukurasa mmoja hauzidi mashauri 1,000, na maombi kwa kawaida hayazidi 10 kwa dakika. Tena haitoi mabadiliko ya dakika ile ile iliyopo. Lazima wakati wa kuanzia uwe umepita kwa zaidi ya dakika moja, ili shauri linaloandikwa wakati huo lisikose kuhesabiwa.

Sharti hilo dogo ndilo linalotufikisha kwenye neno gumu la somo letu. Data zinazosomwa kwa njia ya pili na ya tatu Kiingereza huzipa sifa ya uhai, maana yake hazikunakiliwa jana zikawekwa kando. Tuziiteje? "Data hai" ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa bahati mbaya hai kwetu lina kazi nyingine. Mwanachama hai ni yule aliyelipa ada. Leseni hai ni ile ambayo muda wake haujakwisha. Data hai zitaeleweka kuwa ni data ambazo bado zina nguvu, na za mwaka jana zaweza kuwa hivyo. "Mubashara" limekaa vema katika utangazaji, ambako mtazamaji huona jambo bila kukatizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Programu ya takwimu haitazami hivyo. Huuliza, ikajibiwa, ikanyamaza. Kati ya swali na swali haijui lolote. "Wakati halisi" laleta swali la wakati usio halisi ni upi.

Twaona linalofaa ni "papo kwa papo". Wasomaji wetu wa Tanzania wanayajua maswali ya papo kwa papo ambayo wabunge humwuliza Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Swali halikupelekwa kwa maandishi wiki iliyotangulia. Linaulizwa hapo na kujibiwa hapo. Lakini jibu ni la saa ile. Waziri Mkuu akiulizwa tena wiki ifuatayo, jibu laweza kuwa jingine, na hakuna atakayesema kuwa alidanganya. Data za papo kwa papo ndivyo zilivyo: si data zisizo na wakati, bali ni data ambazo wakati wake ni wa kuulizwa. Kwa hiyo taarifa itokanayo nazo isiyotaja saa ya kuulizwa ni pungufu, hata kama kila tarakimu ndani yake ni ya kweli.

Na hiyo saa nayo ina mtego wake kwetu. Madawati ya kupangishwa hutunza nyakati zao kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Shauri lililoletwa Dar es Salaam saa 8 usiku wa kuamkia Julai 1 huandikwa katika kanzidata kuwa ni la Juni 30, 23:00. Kwa nchi ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai 1, shauri hilo limehamia mwaka uliopita. Mashauri ya saa tatu za kwanza za siku si mengi katika ofisi ya kawaida; katika dawati la hospitali, la umeme au la bandari ni mengi. R huweza kurekebisha hilo kwa kuambiwa eneo la wakati, ambalo katika orodha ya kompyuta limeandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Tunaongeza jambo ambalo fundi wa nje hawezi kulijua: msomaji wetu akikuta "08:00" katika jedwali la Kiswahili, yupo atakayesoma saa nane. Taarifa iandike "saa 2 asubuhi", au ieleze bayana mwanzoni ni saa za namna gani.

Tumefika kwenye safu ambayo twaona ndiyo kiini, safu ya hali. Katika Zendesk shauri huwa jipya, huwa wazi, husubiri, kisha huwa na hali mbili za mwisho ambazo Kiingereza huzitenga na Kiswahili chetu cha haraka hakizitengi. Ya kwanza mhudumu huiweka anapoona amekwisha kulijibu shauri. Mleta shauri akiandika tena kuwa bado, shauri hufunguka. Ya pili haiwekwi na mhudumu kwa mkono wake. Mfumo wenyewe huiweka baada ya siku kupita, 4 kama ofisi haikuchagua vingine, na kwa vyovyote si zaidi ya siku 28. Na baada ya hapo shauri halifunguki tena, anayelalamika hana budi kuanzisha jipya. Mfumo mwingine, Request Tracker, ambao Jesse Vincent alianza kuuandika mwaka 1996, hauna hiyo hali ya pili. Humo shauri lililomalizwa huweza kufunguka wakati wowote.

Wafasiri wengi huandika "limefungwa" kwa zote. Sasa mtumishi wa serikali analijua vizuri neno kufunga. Hoja ya ukaguzi hufungwa, na anayeifunga ni mkaguzi baada ya kuridhika na majibu na vielelezo. Mkaguliwa hajifungii hoja. Mtumishi huyo akisoma kwamba asilimia 90 ya mashauri yamefungwa, ataelewa kuwa kuna aliyeridhika. Ilhali katika kanzidata hakuna aliyeridhika. Kuna mhudumu aliyesema amemaliza na saa iliyohesabu siku. "Limetatuliwa" ni hatari zaidi, kwani lashuhudia jambo ambalo mhudumu hawezi kulishuhudia peke yake.

Pendekezo letu ni kumtaja mtendaji. Hali ya kwanza iitwe "limemalizwa na dawati", ya pili "limefungwa na mfumo". Neno limetatuliwa lihifadhiwe kwa mashauri ambayo mwenyewe aliyeyaleta amethibitisha, kama dawati lina safu ya kuuliza hivyo. Hali kadhalika kuna kusubiri kwa aina mbili: dawati linamsubiri mleta shauri alete maelezo, au linasubiri mtu wa tatu, tuseme fundi wa kampuni ya simu. Zikiandikwa zote "linasubiri", lawama ya siku zilizopotea haitajulikana ni ya nani. Tutaambiwa majina haya ni marefu. Ni kweli. Safu ya jedwali yaweza kupanuliwa.

Kwa kuwa shauri lililomalizwa hufunguka, data za papo kwa papo zina tabia inayowashangaza wakuu wa ofisi: idadi ya yaliyomalizwa mwezi Machi hupungua ikihesabiwa tena mwezi Aprili. Hakuna aliyeiba. Kanzidata huonyesha hali ya sasa, si hali iliyokuwapo. Hali zilizopita hutunzwa kwingine, katika kumbukumbu za mabadiliko. Anayetaka taarifa ya Machi isibadilike, au asome kumbukumbu hizo, au ahifadhi nakala ya siku ile.

Limebaki suala la muda. Swali la kila mwezi ni: shauri huchukua siku ngapi? Chukua mfano wa mashauri 10. Sita yamemalizwa, kwa siku 1, 1, 2, 2, 3 na 3. Manne bado yapo wazi, na yamekwisha kukaa siku 20. Programu ikiambiwa itafute wastani wa muda wa kumaliza, itayachukua yale sita, kwa kuwa ndiyo pekee yenye tarehe ya mwisho, na jibu litakuwa siku 2. Ni hesabu sahihi ya swali baya. Dawati linaloacha mashauri magumu yaoze litaonekana hodari kuliko linaloyashughulikia, maana shauri gumu likimalizwa leo huupandisha wastani.

Wanatakwimu walikwisha kulitazama jambo hili. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walitoa njia ya kukadiria muda pale ambapo baadhi ya vipindi havijafika mwisho wake, njia iliyotumika sana katika utafiti wa magonjwa, na R inayo tayari. Tatizo ni jina. Kipindi ambacho kuangaliwa kwake kumekoma kabla ya tukio kutokea, Kiingereza hukiita kwa neno lile lile litumikalo kwa ukaguzi wa filamu na magazeti. Mfasiri asiyejua takwimu ataandika "data zilizodhibitiwa" au "zilizokaguliwa na dola", na msomaji atadhani serikali imeficha mashauri manne. Twapendekeza "muda usiotimia". Taarifa ya mfano wetu basi isomeke: kati ya mashauri 10, sita yalimalizwa ndani ya siku 3, manne yana muda usiotimia, nayo yamevuka siku 20. Wastani usitajwe.

Kuhusu usiri tutasema machache, kwa kuwa sheria zinajieleza. Shauri hubeba jina, namba ya simu, pengine ugonjwa au deni la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Programu ya takwimu ipewe ruhusa ya kusoma tu, si ya kuandika, na isomee safu inazozihitaji. Hapa neno taarifa linatuchezea kidogo: sheria huliita taarifa lile lililomo ndani ya shauri, na ofisi huiita taarifa ile inayotolewa mwisho wa mwezi, hata mtu akaweza kuandika kwa Kiswahili fasaha kwamba taarifa isitoe taarifa. Katika maandishi ya kazi hii ingefaa ya mwisho wa mwezi iitwe ripoti, ingawa sisi wenyewe tumeiita taarifa tangu mwanzo kwa kufuata mazoea ya maofisi. Tazama mrejesho, neno ambalo lilibuniwa bila mbwembwe na sasa limo katika jina la mfumo wa serikali ya Tanzania wa kupokea malalamiko na maoni, e-Mrejesho. Lilifaulu kwa sababu halikugombana na neno jingine lililotangulia.

Kwa wale watakaotakiwa kuandaa jedwali la namna hii, juu yake pangeweza kuandikwa hivi: "Mashauri yaliyoletwa Julai 1 hadi Julai 31, kwa saa za Afrika Mashariki. Data za papo kwa papo, zimeulizwa Agosti 1, saa 2 asubuhi." Na safu zikafuatana: yaliyoletwa, yaliyomalizwa na dawati, yaliyofunguliwa tena, yaliyofungwa na mfumo, yanayomsubiri mleta shauri, yanayosubiri mtu wa tatu, yenye muda usiotimia, na siku za lile lililokaa kuliko yote.